Kilio Kilichoahirishwa

Mkono ulioziba mdomo wa Eufrazia mwishoni mwa hadithi ya wiki iliyopita, msomaji, haukuwa wa mwizi wala wa mzimu. Ulikuwa mkono laini, wenye saa ya rangi ya dhahabu na harufu ya sabuni ya dukani, na mwenye mkono huo alikuwa Bwana Ildefons, Mratibu wa Mfuko wa Hisani wa Mwambao Endelevu.

"Usilie, Mama Benigna," alimnong'oneza. "Sikukatazi. Ninakuomba tu uahirishe."

Kitandani, chini ya blanketi la kijivu, Mzee Mutembei alikuwa amelala kama walalavyo wasiotarajia kuamka. Alikata roho majogoo walipowika mara ya pili, vidole vyake vikiwa ndani ya kiganja cha Eufrazia, mkamwana wake. Eufrazia alimfumba macho, akavuta pumzi ya kutoa kilio, na hapo ndipo mkono ule ulipotokea nyuma yake. Mratibu alikuwa amelala sebuleni. Nyumba ya Mzee ilikuwa imeteuliwa kuwa kaya ya mfano, na Mratibu aliona ni wajibu wake kuulinda mfano huo tangu usiku.

Eufrazia aliuondoa mkono ule mdomoni pake taratibu, kama mtu anayetoa mwiba.

"Niahirishe mpaka lini?"

"Mpaka picha zipigwe."

Hapa inafaa tupange mambo kwa utaratibu wake, ili hata msomaji aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita asiachwe njiani.

Asubuhi ile ile, saa nne, Bibi Mkurugenzi wa Mfuko alitazamiwa kufika katika kijiji cha Rusenyi, ufukoni mwa ziwa, wilayani Muleba. Angekuja kwa maji kutoka Bukoba, na nyuma ya chombo chake ingekokotwa boti mpya yenye injini. Boti hiyo ilikuwa ahadi. Kama Bibi angekuta miche elfu moja imepandwa ufukweni, Rusenyi ingepewa boti ya kubebea wagonjwa. Asipoikuta, boti ingeendelea na safari yake hadi kijiji cha ghuba ya pili, ambako, kwa maneno ya Mratibu, watu wanajua maana ya maendeleo.

Miche ilikuwa imeletwa jana yake jioni. Mashimo yalikuwa bado hayajachimbwa hata moja.

Na katika Rusenyi kifo hakihesabiwi kuwa kifo mpaka kililiwe. Mwanamke aliyemfumba marehemu macho ndiye anayetoa kilio cha kwanza, na kikishasikika, kila jembe la kijiji huwekwa chini mpaka matanga yaishe. Mwaka wa vita, malori ya jeshi yakipita barabara ya Biharamulo mchana na usiku, afisa mmoja alitaka wanakijiji wachimbe handaki siku ya msiba. Wazee walimpa pombe ya rubisi, wakampa ndizi, wakampa mahali pa kulala. Walimpa kila kitu isipokuwa jembe.

Vita vilipita. Ukaja ugonjwa ambao watu wa huku waliuita Juliana kabla redio haijaupa jina la UKIMWI, na misiba ikaanza kufuatana kama watu wanaokwenda gulioni. Wazee wakapunguza matanga kutoka siku saba hadi tatu, kisha hadi siku ya mazishi na kesho yake, huku wakiinamisha nyuso kama wauzaji wanaopunja kipimo.

Mfuko wa Mwambao uliiona hali hiyo, ukasikitika sana, hasa kwa sababu ilivuruga ratiba. Mwezi wa tatu Bwana Ildefons alibandika chati katika ukuta wa ofisi ya kijiji. Ilikuwa na safu ya tarehe, safu ya shughuli, safu ya mhusika, na pembeni kabisa safu yenye kichwa cha maneno kisemacho "Misiba Inayotarajiwa". Aliwaomba wazee waijaze kwa kalamu ya risasi, ili iweze kufutika pale hali itakapobadilika. Wazee waliitazama chati ile kwa adabu kubwa, kisha Mzee Mutembei, aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha kupanda miti, akauliza kama Mfuko una mtu wake mbinguni upande wa kalenda. Mratibu aliahidi kwamba suala hilo lingejadiliwa katika semina.

Semina ilifanyika kweli, siku tatu, katika hoteli moja mjini Bukoba. Watu ambao hawajawahi kushika kasia walieleza namna ya kuliokoa ziwa, wakila samaki wake asubuhi, mchana na jioni. Mtaalamu mmoja kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku alisimama akasema kwamba mikaratusi inakunywa maji kuliko walevi wanavyokunywa pombe, na haifai kupandwa ukingoni mwa ziwa linalohurumiwa. Aliambiwa kwa upole kwamba yeye ni mtu wa kahawa na migomba, na asitoke nje ya eneo lake. Basi ikaagizwa mikaratusi.

Eufrazia aliyajua hayo yote, kwa maana ndiye aliyekuwa katibu wa kikundi. Alisoma mpaka darasa la nane na mwandiko wake ulinyooka kama mistari ya daftari. Hakuwa na imani na mikaratusi, wala na kofia za Mfuko, wala na lile bango la chuma ufukweni ambalo lilikuwa kubwa kuliko mlango wa zahanati. Alikuwa na imani na kitu kimoja tu, yaani ile boti.

Miaka miwili iliyopita mumewe, Protase, alipozidiwa, walimlaza ndani ya mtumbwi wa makasia kumpeleka hospitali. Alikufa katikati ya maji, ng'ambo ikionekana. Sasa binti yake Benigna alikuwa na mimba ya miezi minane na nusu, na daktari alikuwa amesema mtoto amekaa vibaya, asithubutu kuzalia nyumbani. Barabara ya mlimani ilikuwa imekatwa na mvua tangu Pasaka. Kilichobaki ni maji, na katika maji kilichobaki ni boti ya Bibi Mkurugenzi.

Mratibu alilijua hilo. Ndiyo maana hakumtishia Eufrazia kwa lolote. Alitaja tu jina la Benigna, akatazama saa yake.

Eufrazia alikimeza kilio. Kilishuka kooni kama kiazi cha moto.

"Nenda ukasimamie mashimo," alisema Mratibu. "Nitabaki na Mzee. Si vizuri abaki peke yake."

Lilikuwa neno la kwanza la utu Eufrazia kulisikia kinywani mwa mtu yule. Alimshukuru. Tunaomba msomaji aikumbuke shukrani hiyo.

Alitoka nje jua likichomoza, daftari la kikundi kwapani, akatelemka kuelekea ufukweni akipitia katikati ya vibanja vya migomba. Alitazamia kusikia majembe. Hakusikia kitu. Kwa jirani wa kwanza jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani, na mwenyewe amekaa kizingitini amevaa shati la kanisani. Kwa wa pili hivyo hivyo. Kwa wa tatu alimkuta Shangazi Skolastika, dada wa Mzee Mutembei, ameshajifunga kitambaa cha msiba kiunoni, ametulia kama mtu anayesubiri basi.

"Shangazi, leo si siku ya kupanda miti?"

"Ndiyo siku yenyewe," alijibu Skolastika bila kumtazama usoni. "Tunasubiri tu redio."

Kwa miaka kumi na mitano, kila siku ya Mungu, saa kumi na mbili na nusu, Mzee Mutembei alikuwa akifungua redio yake kwa sauti ya kuwaamsha hata samaki, na alipougua Eufrazia alimfungulia yeye. Kijiji kizima kilisikiliza habari kwa gharama ya betri zake. Asubuhi ile redio haikulia, na hakuna mtu katika Rusenyi aliyehitaji kuelezwa maana yake.

Kwa hiyo mpango wa Bwana Ildefons ulikuwa umezaa tunda la ajabu. Kwa kuwa kilio hakijatoka, hakuna aliyeweza kuomboleza. Na kwa kuwa kila mtu anajua, hakuna aliyeweza kulima. Kijiji chenye kaya mia moja na hamsini kilikuwa kimekaa mlangoni, kimevaa nguo safi, kikimsubiri mwanamke mmoja afumbue kinywa.

"Mkamwana," Skolastika alimwambia kwa sauti ya chini, "ukiwa tayari, sisi tuko hapa. Usichelewe sana. Jua litakuwa kali."

Eufrazia alifika ufukweni, akasimama mbele ya miche elfu moja iliyopangwa kwa mistari ndani ya vikopo vya nailoni. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na bango la Mfuko tu, na kunguru juu yake.

Akageuza shingo kulia, na huko aliona moshi.

Mbele kidogo, kwenye mchanga, ilikuwapo kambi ya wavuvi. Walikuwa Wasukuma, waliokuja kufuata dagaa na sangara, wakajenga mabanda ya nyasi ambayo kijiji kiliyaita ya muda kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Hawakuwa wanachama wa kikundi. Katika ripoti ya Mfuko, ambayo Eufrazia mwenyewe aliinakili kwa mwandiko wake mzuri, palikuwa na orodha ya maadui wa mwambao: wa kwanza mmomonyoko wa udongo, wa pili magugu maji, wa tatu wavuvi wahamiaji.

Mkubwa wa kambi aliitwa Limbu. Alikuwa akishona wavu, na hakuinuka.

"Mayu, umepotea njia?" alimuuliza, akimwita mama kwa Kisukuma. "Kikundi kiko upande ule. Huku ni kwa namba tatu."

"Limbu, nina shida."

Limbu aliutazama uso wake, akautazama mlima, akatazama tena uso. Kisha aliweka sindano ya kushonea chini, akavua kofia.

"Redio haikulia," alisema.

Eufrazia hakuweza kumjibu, kwa kuwa kumjibu kungekuwa ni kutangaza. Limbu alielewa, akaacha kuuliza. Aliitazama ile miche.

"Mashimo elfu moja. Na jembe la Mhaya leo halishuki."

"Halishuki."

"Na la Msukuma?"

"La Msukuma halina ukoo hapa," alisema Eufrazia, na alipokwisha kulisema aliona aibu.

Limbu alicheka kidogo, cheko lisilokuwa na furaha. "Ndivyo tulivyojibiwa tulipoomba mahali pa kuzika watu wetu."

Upepo ulipita kati yao ukiwa na harufu ya dagaa. Wanaume wengine walikuwa wameanza kusogea, mmoja mmoja, wakisikiliza. Eufrazia alieleza yote: Bibi Mkurugenzi, saa nne, boti, Benigna. Hakuficha hata habari ya ile orodha ya maadui, akakiri kwamba mwandiko ulikuwa wake.

"Mwandiko mzuri," alisema Limbu. "Sasa nikuulize neno moja. Mgonjwa wetu naye atapanda hiyo boti?"

"Atapanda."

"Atakaa ndani, au tutamfunga kamba aelee nyuma?"

"Atakaa ndani, mahali atakapokaa binti yangu."

"Andika."

Eufrazia alifungua daftari la kikundi, akapiga mstari kwa kipande cha mbao ili unyooke, akaandika: Limbu na wenzake sabini na tisa, wanachama.

Limbu alilitazama andiko lile kwa muda, ingawa hakujua kusoma, kisha akaagiza majembe yatolewe na asiye na jembe achukue kasia. "Mzee yule alitupa mchanga huu tuanikie dagaa," aliwaambia wenzake, "na hakuwauliza dagaa kabila lao. Tunachimba kwa ajili yake. Kofia zao sizitaki." Akamgeukia Eufrazia. "Na wewe, mayu, nenda ukalie. Mtu hawezi kukaa na kifo mdomoni mchana kutwa."

Eufrazia aliwapimia kwanza mistari ya mashimo, na alipokaribia nyumbani ilikuwa imetimia saa tatu. Alimkuta Bwana Ildefons ndiyo kwanza anatoka chumbani mwa Mzee, akifunga mkoba wake wa ngozi, uso umemtulia kama mtu aliyemaliza kazi za ofisi kabla ya muda.

"Mzee hajambo," alisema, kisha akajirekebisha. "Nina maana, amelala vizuri."

Eufrazia alimweleza kwamba mashimo yanachimbwa, na alimweleza nani anayachimba. Mratibu alishika kichwa.

"Wavuvi? Hao wamo kwenye ripoti kama tatizo."

"Basi leo tatizo limeshika jembe."

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Kulia."

Mratibu alisimama mlangoni. Alimbembeleza kwa ufasaha uliokuwa umemvusha katika semina nyingi. Alisema kilio si kitu kibaya, ni urithi wetu, na Mfuko unauheshimu; kilichohitajika ni muda mwafaka tu. Alisema nusu saa. Alisema robo. Alisema alie polepole, ndani ya mto.

"Bwana Mratibu," alisema Eufrazia, "mume wangu nilimlilia katikati ya ziwa, na hakuna aliyeitika. Huyu ni baba yangu. Nitamlilia nyumbani kwake, na kijiji kitaitika. Nipishe."

Mratibu alimpisha.

Kilio kile, wazee wa Rusenyi wanakizungumzia mpaka leo. Kilianza chini, "Tata, waitu," yaani baba yetu, kikapanda juu ya migomba, kikaenda hadi ng'ambo ya mto. Skolastika alikiitikia kabla hakijafika mwisho. Akaitikia jirani wa pili, na wa tatu, na mlima mzima ukafunguka kwa sauti za wanawake. Nyasi zikaletwa zikatandazwa sakafuni. Wanaume wakakata migomba. Na kule chini ufukweni wavuvi themanini waliinua majembe, wakasimama kimya kwa muda wa kuvua kofia na kuivaa tena, kisha wakaendelea kuchimba.

Katikati ya hayo yote, saa nne kamili, Bibi Mkurugenzi aliwasili.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye moyo safi, aliyejifunza Kiswahili kwa kaseti kwa muda wa wiki tatu. Alishuka majini na jaketi lake la rangi ya machungwa, akasikiliza mlima ukilia, akashika kifua.

"Nini?" aliuliza. "Nini hii nzuri?"

Hapo ndipo msomaji atakapoona kwa nini Mfuko ulimlipa Bwana Ildefons mshahara. Hakupepesa jicho. Alieleza kwamba hizo ni nyimbo za asili za kumkaribisha mgeni wa heshima, ambazo huimbwa mara moja tu katika umri wa mtu. Bibi Mkurugenzi alitokwa na machozi. Akatoa kinasa sauti, akakinyanyua juu, akarekodi kwa dakika kumi. Kaseti hiyo, kama haijaharibika, huenda ingali inapigwa katika mikutano ya wafadhili, ikiwaonyesha furaha ya watu wa mwambao.

Kisha Bibi aliwaona wapandaji. Mratibu alieleza kwamba hao walikuwa maadui wa mazingira, waliobadilika kimtazamo baada ya semina. Bibi alitaka kusikia kutoka kwa mmoja wao. Limbu, matope yamemfika magotini, alisema kwa Kisukuma sentensi moja ndefu iliyowafanya wenzake wote wainamishe vichwa kuficha vicheko. Mratibu, ambaye hakujua Kisukuma hata neno, aliitafsiri kuwa asante.

Miche ilihesabiwa. Ilikuwa elfu moja. Picha zikapigwa.

Eufrazia aliitwa kutoka msibani, ashuke kama katibu kushuhudia makabidhiano. Alishuka na kitambaa chake kiunoni, macho mekundu, na Bibi akamkumbatia akimsifu kwa sauti yake nzuri ya kuimba. Boti ilikuwa imefungwa kwenye nguzo ya bango. Ilikuwa nyeupe, yenye viti viwili virefu ambavyo mgonjwa angeweza kulala juu yake. Eufrazia aliupima kwa macho urefu wa kiti kimoja, akamwona Benigna juu yake.

Bibi aliuliza yuko wapi mwenyekiti, Mzee Mutembei, ambaye aliahidiwa kumsalimu.

"Anajisikia vibaya kidogo," alijibu Mratibu kwa wepesi. "Lakini ameshatia dole gumba. Hati ni hii hapa."

Akamkabidhi Bibi nakala moja. Nyingine akampa Eufrazia haraka haraka, akimwonyesha kwa kidole mahali pa kusaini. Alisahau kwamba katibu huyu ana desturi ya kusoma.

Eufrazia alisoma. Boti ni mali ya jamii ya Rusenyi, yalisema maneno ya juu, makubwa. Chini yake, kwa herufi ndogo, yalifuata mengine: itahifadhiwa Bukoba, chini ya Mratibu, kwa sababu za usalama, itatumika kwa shughuli za Mratibu za ufuatiliaji, na mgonjwa atakayeihitaji atawasilisha maombi kwa maandishi siku kumi na nne kabla ya safari.

Na chini kabisa palikuwa na alama ya dole gumba, ya zambarau, safi, mistari yake yote ikionekana. Pembeni yake pameandikwa: Mutembei, Mwenyekiti, leo, saa mbili asubuhi.

Saa mbili asubuhi. Majogoo waliwika mara ya pili saa kumi na moja.

Eufrazia alikumbuka mkoba wa ngozi ukifungwa. Alikumbuka alivyosema asante.

Wakati huo Skolastika alikuwa ameteremka kutoka nyumbani, mikono yake ingali na majimaji. Alimvuta mkamwana wake kando.

"Tumemwosha kaka yangu mara tatu," alisema. "Mwili wote umetakata isipokuwa kidole gumba. Mtu aliyelala siku tisa hajui hata jua limechwea, wino ameupata wapi?"

Eufrazia alimwonyesha alama ya zambarau kwenye hati.

"Na si hilo tu. Benigna amekaa chini kule jikoni. Chupa imepasuka."

Nyuma yao injini iliunguruma. Bwana Ildefons alikuwa ameshapanda boti nyeupe, akimsaidia Bibi Mkurugenzi kupanda, na kumweleza kwamba mawimbi ya mchana si mazuri, afadhali waondoke mapema kwenda Bukoba.

Hebu jiweke mahali pake, msomaji. Angepiga kelele kwamba hati ni ya uongo? Kila neno lake lingepitia kinywani mwa Ildefons ndipo limfikie Bibi, na tumeshaona matanga yanavyogeuka ngoma yakipitia kinywa kile. Angenyamaza? Boti ingeondoka, na Benigna angewasilisha maombi yake na kungoja siku kumi na nne.

Eufrazia aliingia majini mpaka magotini, akashika ukingo wa boti. Upande wa pili Limbu alikuwa ameshaishika kamba, amejizungushia kiunoni, na wenzake walikuwa wamesimama nyuma yake bila kuambiwa na mtu. Eufrazia alichagua maneno machache, yale mepesi kabisa, ambayo kila kaseti ya Kiswahili huanza nayo.

"Bibi," alisema. "Karibu nyumbani. Mwenyekiti yuko. Mpe mkono."

Uso wa Bibi Mkurugenzi uling'aa. Haya alikuwa ameyafahamu yote, bila msaada wa mtu.

"Mkono," alirudia. "Ndiyo. Mimi napenda sana."

Mratibu alisema kwa Kiingereza jambo fulani kuhusu mawimbi. Akasema jingine kuhusu magonjwa ya kuambukiza. Akasema Mzee amelala, na desturi haziruhusu. Lakini Bibi alikuwa amevuka maji mengi kuja kuziona desturi. Alikunja suruali yake, akashuka majini, akamshika Eufrazia mkono, na Limbu akaizima injini kwa kidole kimoja kama mtu aliyezaliwa nayo.

"Binti aletwe hapa kwa machela," Eufrazia alimwambia Skolastika, "na mlangoni pa chumba cha Mzee akae mtu, asiingie yeyote."

Skolastika alitazama mlimani, akakunja uso.

"Nani akae? Wote wameshuka kutazama boti."

Kutoka pale ufukweni hadi mlango wa Mzee Mutembei ni hatua mia tatu, zote za kupanda. Bibi Mkurugenzi alizianza taratibu, akisifu maua ya kahawa. Mbele yake, mkoba umemning'inia begani na mkononi kitambaa cheupe alichokilowanisha ziwani cha kufutia kidole gumba, Bwana Ildefons, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia kwa ajili ya mradi wowote wa Mfuko, alikuwa ameshafika hatua ya mia, akikimbia.